Aliyekataa Kuvuka

Kila Alhamisi asubuhi, kabla sijanywa hata chai, nilikuwa nahamisha utajiri wangu. Nilianza na godoro, nikalikunja na kulifunga kamba. Kisha jiko la gesi na mtungi wake. Mwisho kochi la watu wawili, nililolishona mwenyewe kwa kitambaa cha kijani alichokikataa mteja. Vyote vilitoka chumbani kwangu vikaingia chumba cha pili, kwa Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ikifika saa nne, mimi fundi wa makochi, niliyewakalisha vizuri nusu ya watu wa mtaa huu, nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda, mnyonge kabisa, namsubiri mgeni wangu.

Watu husema kinyozi hajinyoi. Mimi nilikuwa nimejinyoa vizuri sana, kisha nikavaa kofia ili watu wasione. Sikuwa nimerukwa na akili. Nitaeleza, na ukitaka kucheka, cheka.

Miaka mitatu kabla ya hapo mke wangu alifariki, na mimi nikajilaza. Sina neno lingine la kulieleza jambo lile. Sikuumwa popote. Nilijilaza tu, na wateja wakaja wakagonga mlango mpaka wakachoka. Karakana niliyokuwa nimepanga ikachukuliwa na mtu mwingine, na vifaa vyangu nikaviuza kimoja kimoja ili nile. Kwanza cherehani, kisha mkasi mkubwa, mwisho nyundo. Siku niliyouza nyundo ndiyo siku niliyojua nimekwisha. Binti yetu ameolewa mbali sana, ana watoto na kazi, hupiga simu anapoweza na simu hukatika katikati ya salamu. Simlaumu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Aliyenipeleka kwenye shirika ni fundi baiskeli wa kona ya pili, aliyekuwa akisaidiwa nalo. Shirika lenyewe ni dogo, vyumba viwili nyuma ya duka la matairi, lakini lina utaratibu wake. Hawakupi mfuko wa unga wakaenda zao. Wanakupa vifaa vya kazi unayoijua, au wanakufundisha kazi kama huna, halafu wanakupa mtu. Mtu huyo anakutembelea mara moja kwa wiki akiwa na karatasi yenye maswali kumi na mawili. Unakula mara ngapi kwa siku? Unalala juu ya nini? Unapikia nini? Mgeni akija anakaa wapi? Ukiweza kujibu vizuri maswali kumi, wanasema umevuka. Unaitwa ofisini, unapigiwa makofi, unapewa cheti, na nafasi yako anapewa mwingine aliyekuwa akingoja kwenye orodha. Yule mtu wako naye anahamia kwa huyo mwingine.

Ni mpango mzuri. Nausifu kwa moyo wangu wote, maana mimi ulininyanyua kutoka sakafuni.

Mtu niliyepewa mimi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya raba na mkoba uliofura makaratasi. Nilimpa jina la Dodoso, naye akaniita Mzee Sponji, tukawa sare. Mara ya kwanza alinikuta nimelala saa tano mchana. Hakunihubiria. Alifungua dirisha, akauliza sufuria iko wapi, akachemsha maji. Wiki ya sita akaja na mkasi, nyundo, bunduki ya stepla na marobota mawili ya sponji juu ya mkokoteni. Nikamtengenezea mwenye saluni viti vyake, mwenye saluni akamsimulia mwenye hoteli, na mwaka haukwisha kabla sijawa na kazi nyingi kuliko mikono.

Tatizo halikuwa kazi. Maswali kumi na mawili hayajazi saa nzima, lakini Dodoso alikuwa anakaa saa nzima. Iliyobaki ilikuwa porojo. Alinisimulia habari za mama mkwe wake, anayekuja kusalimia na kuanza kunusa sufuria. Nami nilimsimulia habari za marehemu, jinsi alivyokuwa akikalia kila kochi kabla halijaondoka karakana na kusema, "Hili litadumu," au, "Hili mrudishie pesa yake." Siku nyingine sita za wiki niliongea na wateja kuhusu rangi za vitambaa. Jioni nikifunga mlango, basi. Kuna siku nilikohoa nikashtuka, kwa sababu ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya binadamu chumbani tangu asubuhi.

Fundi baiskeli alivuka kabla yangu. Nilimuuliza huko upande wa pili kukoje.

"Chakula kipo, kazi ipo," akasema, akizungusha gurudumu. "Ila Jumatatu imekuwa ndefu."

Jumatatu ndiyo siku aliyokuwa akitembelewa.

Kwa hiyo siku Dodoso alipohesabu majibu yangu, akatabasamu na kusema, "Mzee Sponji, tumefika tisa, bado moja tu," nilianza kuhesabu Alhamisi zilizobaki. Hilo moja lilikuwa pa kumkalisha mgeni. Na kochi la kijani nilikuwa nalimalizia. Alhamisi iliyofuata lilikuwa tayari, limekaa katikati ya chumba kama bwana harusi, na saa tatu na nusu mimi nilikuwa nalisukuma hadi mlangoni kwa Mama Pacha.

Mama Pacha ni mwanamke wa maneno machache. Anafua nguo katika nyumba za watu na kulea mabinti zake wawili, mapacha wa miaka minne. Mume alikwenda kutafuta kazi. Kazi haijaonekana mpaka leo, wala mume. Sikuwa na mazoea naye. Hujambo, sijambo, mvua hii jamani, yameisha.

"Mama Pacha," nikamwambia, "naomba unihifadhie kochi hadi mchana. Nina mgeni, na chumba chenyewe unakijua."

Alilitazama kochi, akanitazama mimi. Mtu anayepata mgeni akaondoa kochi si mtu wa kawaida, lakini hakusema hivyo.

"Na mtu akiuliza?"

"Sema ni lako. Nakuomba sana."

"Haya."

Wiki iliyofuata nikaona kochi peke yake halitoshi, nisije nikapata la kumi kwa njia nyingine, nikapeleka na jiko. Kisha godoro. Uongo hauna kipimo. Ukiukatia kitambaa leo, kesho unataka mkono na kola. Majibu yangu yakashuka kutoka tisa hadi manane, hadi saba. Dodoso alikunja uso juu ya karatasi yake, akaniuliza kama naumwa, kama kuna mtu ananidai. Nikasema hali ngumu, mwanangu. Akazidi kukaa. Siku nyingine alikaa saa moja na nusu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Yakapita hivyo miezi mitano.

Alhamisi moja alichelewa, nami nikatoka na birika kwenda kununua chai kibandani, nikakawia kwenye foleni. Alipoingia alikaa juu ya ndoo niliyoipindua, akavua kiatu kimoja na kukikung'uta kokoto.

"Samahani, Mzee. Nimeanzia hapa kwa jirani yako."

"Jirani gani?"

"Huyu mwenye mapacha. Jina lake limekaa kwenye orodha mwaka mzima. Aliomba kufundishwa kuoka mikate, na oveni ya kuanzia. Leo ndiyo ilikuwa zamu yake ya kukaguliwa."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini.

"Sasa shida ni kwamba hahitaji," Dodoso akaendelea, akivaa kiatu chake. "Ana kochi zuri kuliko langu mimi. Jiko la gesi, godoro nene. Nilimuuliza mara mbili, dada, hivi vyote ni vyako? Akasema ni vyangu. Nimemwandikia hahitaji. Imeniuma, maana mikono yake imepasuka kwa sabuni mpaka inatisha. Lakini ningefanyaje? Wapo wanaolala chini. Wewe mwenyewe hapa unalala chini."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Chai ina sukari ya kutosha?" nikasema.

Mchana nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Mama Pacha alikuwa ameketi sakafuni akikunja nguo za watu, na mapacha walikuwa kando yake wakichezea vibanio. Kochi lilikuwa limefunikwa shuka safi, limenyooshwa kila upande. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kuona alama ya mtu kulikalia. Miezi yote mitano, kila Alhamisi, wale watoto walikaa chini kando ya kochi.

"Alikuja mtu wa shirika," nikasema.

"Alikuja."

"Ungemwambia ukweli tu."

Alimaliza kukunja shati kwanza. "Uliniambia niseme ni vyangu. Mtu akikuwekea amana, unatunza kitu na unatunza neno lake."

"Na oveni je?"

"Wamesema nijaribu mwakani." Akainuka, akashika upande mmoja wa kochi. "Shika huko, Fundi. Nina nguo za watu hapa, zinasubiriwa."

Tulilibeba pamoja. Mikono yake ilikuwa karibu na uso wangu tulipopita mlangoni, na nyufa zake nikaziona zote.

Ningependa kusema kwamba jioni ile ile nilikwenda ofisini. Sikwenda. Nilijiambia mwaka si mrefu. Nilijiambia yule bado kijana, ana nguvu, na mimi nina miaka sitini na mmoja. Siku ya pili nilinunua mkate mkubwa nikaupeleka kwake. Mapacha waliupokea, mama yao akasema ahsante, nami nikarudi nikijiona mwema kwa muda wa kama nusu saa. Halafu nikamsikia ng'ambo ya ukuta akikamua nguo, maji yakichuruzika kwenye beseni, na nikakumbuka kwamba mwanamke huyu alikuwa akiomba kutengeneza mkate, wala hakuomba kupewa.

Husemwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi njaa niliijua. Nilikuwa nimelala nayo chumba kimoja, na bado nikamfungia njia mtu mwingine. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Ndiyo maana zilipita siku saba nzima. Orodha ingefungwa mwisho wa mwezi, yaani siku nne baada ya Alhamisi iliyokuwa inakuja. Nikisema, Mama Pacha atapata nafasi na mimi nitapoteza mgeni wangu. Nikinyamaza, mgeni atakuja tena, ataketi juu ya ndoo, na ng'ambo ya ukuta maji yatachuruzika.

Alhamisi ilipofika sikuhamisha kitu. Nilitandika godoro, nikabandika chai juu ya jiko la gesi, nikalisogeza kochi mahali pake chini ya dirisha. Kisha nikasimama, kwa sababu nilishindwa kukaa.

Dodoso aliingia na kusimama palepale. Alitazama kochi. Alitazama jiko. Alirudi nyuma hatua moja akachungulia mlango wa jirani, kama mtu aliyepotea nyumba.

"Mzee," akasema taratibu, "haya si makochi mawili."

"Ni hilo hilo moja."

Nikamwambia yote. Nilisema nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani. Nilitegemea acheke, na kama angecheka labda ningecheka naye, lakini hakucheka.

"Miezi mitano?"

"Mitano."

"Miezi mitano nakuandikia ripoti kwamba unarudi nyuma." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Unajua niliwaambia nini ofisini? Niliwaambia labda kazi hii siiwezi. Kwamba kuna mzee mmoja, fundi hodari, kila nikimshika mkono anazama, na sijui ninakosea wapi."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimewafikiria watu wawili tu, mimi na mimi.

"Kwa nini, Mzee Sponji?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja."

Chai ikaanza kufurika, nikaenda kuzima jiko.

"Nina nyumba kumi na nne," akasema hatimaye. "Siwezi kwenda kwa mtu kwa sababu tu tumezoeana."

"Najua."

"Ningekuwa na uwezo huo..." Alikwenda akakaa kwenye kochi, mara yake ya kwanza, akalibonyeza kwa kiganja. "Limeshonwa vizuri hili," akasema, na machozi yakamlenga, au yalinilenga mimi, sikumbuki sawasawa.

Kisha akatoa karatasi akauliza maswali yote kumi na mawili, moja baada ya jingine, bila porojo katikati. Yote nikayajibu vizuri. Alipomaliza alitoa karatasi nyingine, ile ya Mama Pacha, akalikata neno "hahitaji" kwa mstari mmoja mrefu na kuniahidi kwamba ataifikisha ofisini siku hiyo hiyo. Alinipa mkono, akaushika wangu kwa yote miwili.

"Hongera. Umevuka."

Kwa kawaida nilikuwa namsindikiza hadi barabara kubwa. Siku hiyo nikamuaga mlangoni. Wiki hiyo hiyo nikaitwa kule nyuma ya duka la matairi, nikapigiwa makofi ya watu saba, nikapewa cheti chenye jina langu lote. Nilirudi nacho nikakizungusha chumbani nikitafuta wa kumwonyesha, halafu nikakiweka kabatini.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, nilikuwa nagongelea mkanda wa kiti nilipotambua kwamba nimechemsha chai ya watu wawili. Saa nne nikasikia viatu vya raba ukumbini. Navijua viatu vile. Nilishusha nyundo, nikajifuta vumbi kifuani, na aibu yangu niseme tu: nilikwenda hadi mlangoni. Viatu vikapita. Vikabisha mlango wa pili.

Ukuta wetu ni wa mbao. Unazuia macho, hauzuii kitu kingine. Nilimsikia Dodoso akikaribishwa, mapacha wakimgombania, oveni ikitajwa na siku ya kuanza mafunzo. Nikamsikia Mama Pacha akicheka. Sikujua kwamba anacheka hivyo, kwa pumzi fupi fupi. Kisha maswali yakaanza, na nikayafuata moja moja kimoyomoyo kama mtu anayesikiliza sala anayoijua. Unakula mara ngapi. Unalala juu ya nini. Majibu yalikuwa mafupi. Nilibaki nimesimama palepale mlangoni.

"La mwisho," akasema Dodoso. "Ukipatwa na shida ghafla, kuna mtu wa karibu unayeweza kumwita?"

Nikasogea karibu na ukuta.

"Hapana," akasema Mama Pacha.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mwenye duka anayekwambia chumvi imekwisha.

Swali hilo mimi nililijibu ndiyo kila wiki, na kila wiki nilikuwa namfikiria yule yule anayeniuliza. Wala sikuwahi kumfikiria mwanamke wa ng'ambo ya mbao hizi, aliyenibebea godoro, jiko, kochi na uongo wangu kwa miezi mitano, akapoteza oveni kwa ajili ya neno lake kwangu. Mimi niko hatua tatu kutoka mlangoni kwake. Ameniona kila siku ya Mungu. Na alipoulizwa kama kuna mtu, alitafuta moyoni akakuta hakuna, na alikuwa amesema kweli. Iliniuma kuliko yote yaliyonipata mwaka ule.

Nilisubiri mgeni aondoke. Viatu vya raba vilisita kidogo mbele ya mlango wangu, kisha vikaendelea mpaka nisivisikie. Nikatoka mikono mitupu, nikabisha mlango wa pili.

Mama Pacha alifungua nusu. Alitazama nyuma yangu, huku na huku, akitafuta mzigo.

"Si umeshavuka, Fundi? Unaficha nini tena?"

"Sina kitu. Nimekuja kusalimia."

Aliitazama mikono yangu. Aligeuka akakitazama chumba chake, chote kilivyo wazi tangu nilipoondoa vyangu, akanirudia na uso wa mtu anayeona haya kwa kosa lisilo lake.

"Karibu basi," akasema. "Ila sina pa kukukalisha."

Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa chini na watoto.